Deni la Msomi: Azimio la Musoma na Malezi ya Viongozi Chuoni

Mwezi wa Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma, mji ulio ukingoni mwa Ziwa Viktoria upande wa mashariki. Wajumbe walizungumza habari za elimu, na maamuzi yao yakajulikana tangu hapo kwa jina la Azimio la Musoma. Uamuzi mmoja uliwagusa watoto wote wa Tanzania Bara: elimu ya msingi, ambayo hapo kwanza ilikusudiwa kuwafikia wote mwaka 1989, sasa iwafikie kabla ya kwisha Novemba 1977. Uamuzi mwingine uliwagusa watu wachache sana kwa hesabu, lakini ndio uliogusa mzizi wa utawala wa nchi. Ulisema kwamba kijana akimaliza kidato cha sita asiende Chuo Kikuu moja kwa moja. Na atumikie Jeshi la Kujenga Taifa kwanza, kisha afanye kazi kwa muda wa miaka 2 hivi, na wale aliofanya nao kazi ndio waseme kama anastahili kuendelea na masomo.

Watu wengi hulikumbuka azimio hilo kama sheria ya kuingilia chuo tu. Kwa hakika lilikuwa zaidi ya hivyo. Lilikuwa jibu la swali lililosumbua nchi tangu siku za kwanza za uhuru: kiongozi msomi hulelewa wapi, darasani au miongoni mwa watu wanaomlipia darasa? Jibu lenyewe halikuzuka Musoma siku moja. Lilikuwa na historia ndefu nyuma yake, na matokeo yake hayakuwa yale yaliyotazamiwa na walioliandika.

Historia hiyo ina mwanzo wake katika nchi ile ile ya Mara. Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Burito Nyerere wa Wazanaki. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, alipelekwa shule ya Mwisenge mjini Musoma, mwendo wa maili 26 hivi kutoka kwao. Mwaka 1937 akaenda Tabora, katika shule ya serikali iliyofanywa kwa mfano wa shule kubwa za Uingereza, nayo iliwalea watoto wa machifu ili waje kuwa wasaidizi wa utawala wa mkoloni. Hii ndiyo ilikuwa namna ya kwanza ya kuandaa viongozi kwa njia ya shule. Mkoloni alimteua mtoto kwa nasaba au kwa akili, akamtenga na wenzake, akamfunza amri na utii, kisha akamrudisha kwa watu wake akiwa juu yao. Nyerere alipita njia hiyo yote, na hapana shaka kwamba alijua kwa nafsi yake jinsi shule iwezavyo kumtoa mtu kwao hata asirudi tena kwa moyo.

Namna ya pili iliota pale ambapo haikupandwa na mtu yeyote. Nyerere alikuwa Makerere tangu 1943 hata 1945, akisomea ualimu. Huko yeye na wenzake, miongoni mwao Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu, waliunda chama cha kutazama masilahi ya Waafrika wa Tanganyika, kilichojulikana kwa herufi za TAWA. Kilikuwa chama kidogo cha wanafunzi. Hakikuwa na fedha, wala mwalimu wa kukiongoza, wala amri ya serikali ya kukianzisha. Baadaye nguvu zake ziliingia katika Chama cha Waafrika wa Tanganyika, yaani TAA. Na TAA, ambayo Nyerere alichaguliwa kuwa rais wake mwaka 1953, ndiyo iliyozaa TANU tarehe 7 Julai 1954. Kwa hiyo mwanafunzi wa Makerere alijifunza uongozi kwa kuongoza: kuitisha mkutano, kuandika kumbukumbu, kubishana bila kugombana, na kukubali kushindwa kwa kura. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa sababu baadaye, taifa lilipotaka kuwafunza wanafunzi uongozi kwa mpango na amri, mara nyingi lilisahau kwamba viongozi wake wenyewe hawakufunzwa hivyo.

Uhuru ulipofika mwaka 1961, nchi ilikuwa na wasomi wachache mno. Vyuo viwili vilifunguliwa mwaka ule ule mjini Dar es Salaam, na kila kimoja kilikuwa na njia yake ya kulea viongozi. Cha kwanza ni Chuo cha Kivukoni, kilichowapokea watu wazima waliokwisha kufanya kazi katika chama, ushirika na vyama vya wafanyakazi. Hakikuwauliza vyeti bali utumishi wao. Cha pili ni Chuo Kikuu Kishiriki, kilichoanza mwezi wa Oktoba na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kisha mwaka 1964 kikahamia mlimani Ubungo. Hiki kiliwapokea vijana kutoka shuleni moja kwa moja, kwa daraja la mitihani yao. Kivukoni mtu alitoka kazini akaja kusoma; mlimani mtu alitoka kusoma akaja kusoma zaidi. Tofauti hiyo ilionekana ndogo wakati ule, lakini ndani yake mlikuwamo mbegu ya Azimio la Musoma.

Katika miaka hiyo ya kwanza Mwalimu Nyerere alipenda kumfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa. Wanakijiji wamkusanyia chakula chote kilichobaki, wakampa yeye peke yake, ili apate nguvu za kwenda mbali na kuwaletea chakula. Akila akaenda zake asirudi, huyo ni msaliti. Mfano huu waliuelewa upesi hata wasiojua kusoma, kwa sababu ulisema habari za deni, na deni lajulikana katika kila nyumba. Lakini deni lina pande mbili: yuko anayedaiwa, na yuko anayedai. Mfano ulieleza wazi kwamba anayedaiwa ni msomi. Haukueleza sana ni nani mwenye haki ya kusimama kwa niaba ya wanakijiji na kudai.

Tarehe 22 Oktoba 1966 swali hilo lilifika mpaka mlango wa Ikulu. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wahitimu wa shule za sekondari na vyuo watumikie taifa kwa miaka 2, na kwamba kwa sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi karibu 400, wengi wao wa Chuo Kikuu, wakaandamana kwa majoho yao kupinga. Walisema kuwa mzigo huo unawaangukia wao peke yao, hali wakubwa serikalini wanaendelea kupokea mishahara minono. Rais aliwasikiliza, kisha akawajibu kwa ukali. Alikubali kwamba mishahara ya wakubwa ni mikubwa kupita kiasi, akatangaza pale pale kuupunguza wa kwake kwa asilimia 20. Nao wanafunzi akawafukuza, wakasindikizwa makwao kote nchini. Wengi wao walirudishwa masomoni mwaka 1967.

Siku ile yafaa itazamwe kwa haki. Wanafunzi walikosa walipodai haki ya kuwa na maisha mbali na ya wakulima waliowasomesha; lakini hawakukosa waliposema kwamba wenye madaraka nao wanadaiwa. Rais mwenyewe aliikubali hoja yao ya pili kwa tendo, ingawa aliwaadhibu kwa ile ya kwanza. Miezi minne baadaye, tarehe 5 Februari 1967, likatoka Azimio la Arusha na miiko ya viongozi ndani yake: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asipangishe nyumba, asiwe na hisa katika kampuni. Mwezi wa Machi ikafuata Elimu ya Kujitegemea. Vijana waliofukuzwa hawakuandika hata neno moja la maazimio hayo, lakini maandamano yao yaliharakisha mazungumzo yaliyoyazaa.

Mwaka ule ule wa 1966 alihitimu sheria chuoni hapo kijana mmoja wa Bunda, Joseph Warioba, aliyezaliwa mwaka 1940. Baadaye alikuwa Waziri Mkuu, tangu 1985 hata 1990, na mwaka 1996 aliongoza tume iliyochunguza rushwa nchini. Maisha yake yaonyesha jinsi safari ilivyokuwa fupi katika zama zile kutoka benchi la chuo mpaka kiti cha serikali. Wahitimu walikuwa wachache na nafasi zilikuwa nyingi. Kumlea mwanafunzi lilikuwa jambo lile lile na kumlea waziri, na ndiyo maana serikali haikuthubutu kuyaacha malezi hayo mikononi mwa wanafunzi wenyewe.

Tarehe 1 Julai 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilisimama peke yake, na Rais akawa Mkuu wake. Wanafunzi walikuwa na chama chao, DUSO, na walikuwa na mabaraza ya fikra yaliyovuma mbali. Baraza lililovuma kuliko yote, USARF, liliwaunganisha vijana wa nchi mbalimbali. Mwenyekiti wake wa siku za mwanzo alikuwa Yoweri Museveni wa Uganda, na jarida lake liliitwa Cheche. Mwezi wa Novemba 1970 baraza hilo lilipigwa marufuku pamoja na jarida lake, ijapokuwa lilisema habari za ujamaa kwa sauti kubwa kuliko wengi. Julai 1971 Symonds Akivaga, Mkenya aliyekuwa rais wa DUSO, alifukuzwa chuoni baada ya barua ya wazi iliyoulaumu uongozi wa chuo, na wanafunzi wakagoma kumtetea. Hapo ikadhihirika kwamba chuo kilitaka viongozi, lakini kilikuwa kizito kuwavumilia walipoanza kuongoza.

Baada ya hayo ndipo ikaja Musoma. Mawazo ya azimio lile yalikuwa na nguvu, na haki yake haifai kufichwa. Mwanafunzi aliyekwisha kufanya kazi kiwandani, shambani, au katika ofisi ya wilaya angeingia chuoni akiwa mtu mzima. Angejua bei ya jembe na dawa, angejua karani hukaa saa ngapi akimngoja mkubwa atie sahihi, angejua jinsi mkulima anavyozungushwa anapodai fedha zake za pamba. Maswali yake darasani yangetoka katika mambo aliyoyaona. Zaidi ya hayo, wale wa chini yake na wa kando yake wangekuwa na neno juu yake. Tawi la chama na wafanyakazi wenzake wangeandika kama ni mtu mwema na mchapakazi. Kwa mara ya kwanza wanakijiji wa ule mfano walipewa kalamu ya kuandika juu ya mtu wanayemtuma.

Wakati huo huo, tangu 1975, serikali ilianza kufungua Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa kufuata mfano wa vyuo vya watu wazima vya Sweden. Zaidi ya vyuo 50 vilienea katika wilaya, na kimojawapo ni Kisangwa, katika wilaya ya Bunda. Huko watu waliomaliza shule ya msingi, pamoja na wale waliojifunza kusoma ukubwani, walifundishwa kilimo, useremala, uashi, ushonaji, uongozi wa kijiji na hesabu za ushirika. Mtu akiweka Musoma na Bunda pamoja huona nia nzima ya wakati ule: msomi ashuke akaonje kazi, naye mfanyakazi apande akaonje elimu, wakutane katikati. Kama nia hiyo ingalitimia, msomi asingalikuwa mjumbe wa kijiji peke yake.

Lakini kati ya nia na matokeo pana bonde. Dosari ya kwanza iliwaangukia wasichana. Kijana wa kiume aliyengoja miaka 3 aliweza kungoja. Msichana aliyengoja aliposwa, akaolewa, akazaa, na mlango ukafungwa nyuma yake bila mtu kuufunga. Hesabu ya wanawake walioingia chuoni ilipungua, hata baada ya muda mfupi ikalazimu waondolewe sharti la kungoja. Dosari ya pili iliangukia masomo ya hesabu na sayansi, ambayo mtu akiyaacha miaka 2 huyarudia kwa taabu. Huko nako sharti lililegezwa. Dosari ya tatu haikusemwa hadharani sana, lakini ilikuwa kubwa kuliko zote. Barua ya sifa haikutoka kwa wanakijiji wenyewe, bali kwa katibu na mkubwa wa kazi. Aliyeuliza maswali mengi alikuwa na sababu ya kuogopa, na mnyamavu alikuwa na sababu ya kutumaini. Basi kalamu waliyopewa wanakijiji ilishikwa na mwingine kabla haijawafikia.

Hata hivyo lile fundisho lenyewe halikupotea. Tarehe 5 Machi 1978 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana tena. Zaidi ya miaka 11 ilikuwa imepita tangu siku ya majoho, na mambo yalikuwa yamegeuka juu chini. Safari hii hawakudai mishahara yao. Walipinga nyongeza ya malipo na marupurupu waliyojipatia mawaziri na wabunge wakati wananchi wako katika dhiki. Wengi wa wanafunzi hao walikuwa wameingia chuoni tangu 1975, yaani walikuwa watoto wa Azimio la Musoma: watu waliotumikia jeshini, wakafanya kazi, wakasifiwa na matawi ya chama, ndipo wakapokewa. Waliambiwa wawasemee wanakijiji, nao wakawasemea. Jibu walilolipata lilikuwa lile lile la mwaka 1966. Mamia walifukuzwa wakarudishwa makwao, na ingawa baadaye walisamehewa, DUSO ilivunjwa, na mahali pake pakawekwa MUWATA, umoja wa wanafunzi uliokuwa chini ya mkono wa chama tawala.

Mtu akizilinganisha siku hizi mbili huona jambo ambalo haliko katika azimio lolote. Mwaka 1966 wanafunzi walifukuzwa kwa kukataa kulipa deni. Mwaka 1978 walifukuzwa kwa kulidai. Mwaka 1966 Rais alimjibu mwanafunzi kwa kuupunguza mshahara wake mwenyewe. Mwaka 1978 marupurupu ndiyo yaliyotetewa, na mwenye kuyalaumu ndiye aliyeadhibiwa. Kwa kipimo cha Musoma wanafunzi wa 1978 walikuwa wamefuzu. Malezi yalifaulu, na walezi hawakuyatambua matunda ya mkono wao.

Mambo yaliyofuata yaeleweka kwa urahisi zaidi yakitazamwa kwa jicho hilo. MUWATA haikupata mapenzi ya wanachuo, kwa kuwa hawakuiunda wao. Sharti la kufanya kazi kwanza likadhoofika katika miaka ya 1980 mpaka likaachwa. Mwaka 1990 chuo kilifungwa kwa ajili ya mgogoro wa wanafunzi na serikali, na miaka ya mwanzo ya 1990 wanafunzi wakapata tena chama chao wenyewe, DARUSO. Mwaka 1992 nchi ikarudi katika vyama vingi, na mwaka 1994 ule utumishi wa lazima wa Jeshi la Kujenga Taifa ukasimamishwa, mpaka uliporudishwa mwaka 2013.

Wakati huo huo neno deni lenyewe lilibadilika maana bila kelele. Mzigo wa gharama za elimu ya juu ulianza kugawanywa baina ya serikali na mzazi. Sheria ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005. Tangu hapo mhitimu anadaiwa kwa shilingi, kwa hesabu iliyoandikwa, na akimaliza kulipa hupewa hati ya kwamba hadaiwi. Mpango huu una haki yake, kwa kuwa fedha zilizorudishwa humsomesha mwingine. Lakini hati hiyo haiwezi kuandikwa juu ya deni lile la kwanza. Mkulima wa pamba wa Bunda hakuwa na risiti ya chakula alichomkusanyia mjumbe wake. Hakutazamia kurudishiwa fedha. Alitazamia kwamba siku ya dhiki atapatikana mtu mwenye elimu wa kumsemea asiogope.

Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985 alirudi Butiama akalima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao tarehe 23. Leo Butiama ina makumbusho yaliyofunguliwa mwaka huo huo, miezi michache kabla hajafa, na ina Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia chenye jina lake. Chuo kikuu, ambacho zamani mtoto wa Mara alikifuata Makerere na baadaye Dar es Salaam, sasa kimewekwa kati ya mihogo na mtama. Mwanafunzi wa huko hana haja ya azimio ili amwone mkulima. Amwona akitoka tu mlangoni.

Hilo ni jambo la heri, lakini halitoshi. Umbali uliotafutiwa dawa Musoma mwaka 1974 haukuwa wa maili. Mtu aweza kukaa jirani na mkulima miaka 3 na asimjue, na mwingine aweza kuwa mbali naye akamkumbuka kila siku. Chama cha vijana wachache Makerere kilifanya kazi kubwa kuliko MUWATA kwa sababu wenyewe walikiona kuwa chao, na waliyoyasema yalikuwa ya kwao. Chuo kikitaka kulea viongozi leo, Butiama au kwingineko, kitafundisha mambo mengi yenye faida: jinsi ya kuendesha mkutano, jinsi ya kutunza fedha, jinsi ya kunena mbele ya watu. Kisha itafika siku wanafunzi wake watasimama waseme neno zito kwa niaba ya wale waliowatuma, na huenda neno hilo likawachoma walimu wao wenyewe. Siku hiyo ndiyo mtihani wa chuo, kama ilivyokuwa mwaka 1978, na anayetahiniwa si mwanafunzi peke yake.